Monita za hezi 240: Pima mwenyewe, usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Tarakimu kubwa zilizoandikwa kwenye boksi la monita ya gemu hazikuambii picha itakuwa safi kiasi gani inapokwenda mbio. Kipimo chake kipo, ni cha bure, na hakichukui hata saa moja. Muhimu ni kukifanya kabla muda wa kurudisha bidhaa dukani haujakwisha.

Ukifika msimu wa punguzo la bei mwezi Novemba, maduka ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hujaa monita za kuchezea gemu. Si ajabu wakati huo simu ya kijana kutoka nyumbani ikaingia: "Anko, nitafutie monita ya hezi 240, na iwe ya milisekunde 1." Anko, ambaye pengine mara ya mwisho kucheza gemu ilikuwa enzi za kaseti za kuchomeka, anaingia dukani akiwa na tarakimu mbili tu mkononi. Anazikuta zimeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa, analipa, anashukuru Mungu, na mzigo unaanza safari.

Tatizo ni kwamba monita mbili zinaweza kuwa na tarakimu hizo hizo, moja ikaonyesha mpira unaokwenda mbio ukiwa na duara safi, na nyingine ikauonyesha ukiburuta mkia kama nyota ya mkia. Wote wawili wameandika 240. Wote wawili wameandika 1. Na kwa namna fulani, wote wawili hawajasema uongo.

Ili kuelewa jambo hili, ni lazima kwanza tujue tarakimu hizo zinapima nini, na hazipimi nini.

Mbio za hezi

Hezi, ambayo kwenye boksi huandikwa Hz, ni idadi ya mara ambazo skrini hubadilisha picha yake kwa sekunde moja. Kwa miaka mingi monita bapa za kawaida zilikuwa za hezi 60. Mwaka 2009 kampuni ya Samsung ilitoa monita ya SyncMaster 2233RZ yenye hezi 120, na mwaka 2012 ASUS ikatoa VG278HE ya hezi 144. Baada ya hapo mbio zikawa mbio kweli. Mwaka 2020 zikafika hezi 360, mwaka 2023 zikafika 500, na mwaka 2024 skrini za aina ya OLED zikaingia sokoni na hezi 480.

Kwa hesabu ya kawaida, skrini ya hezi 60 huishikilia kila picha kwa milisekunde 16.7 kabla ya kuleta nyingine. Ya hezi 120 huishikilia kwa milisekunde 8.3, ya hezi 240 kwa milisekunde 4.2, na ya hezi 480 kwa milisekunde 2.1. Neno la kukumbuka hapa ni "kuishikilia", kwa sababu ndilo lenye siri ya ukungu wote tunaouzungumzia.

Ukungu unatoka wapi?

Watu wengi hudhani picha inayokwenda mbio inachafuka kwa sababu skrini ni nzito, imeshindwa kubadilika kwa haraka. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine, na mara nyingi iliyo kubwa zaidi, imo ndani ya jicho la mtazamaji.

Unapoufuata mpira unaovuka skrini kutoka kushoto kwenda kulia, jicho lako linateleza pamoja nao bila kusimama. Skrini yenyewe haitelezi. Inauonyesha mpira mahali pamoja, inaushikilia hapo, kisha inauhamishia mahali pengine ghafla. Katika muda huo wa kushikilia, jicho limeshasonga mbele ilhali mpira umeganda. Matokeo yake, picha ya mpira inapakwa nyuma ya jicho, kama wino mbichi unaovutwa kwa kidole.

Ushahidi wa jambo hili ni rahisi. Chukua kamera, iweke katika kasi kubwa ya kupiga picha, kisha piga picha ya kitu kinachokwenda mbio kwenye skrini nzuri. Picha utakayoipata ni safi, kitu kimesimama wima na kingo zake zinaonekana. Lakini ukitazama kwa macho yako, kitu hicho hicho kina ukungu. Kwa hiyo ukungu haukuwa kwenye kioo, ulizaliwa pale jicho liliposogea.

Wale waliokulia na TV za chogo watakumbuka kwamba zile runinga nzito, pamoja na ubaya wake wote, zilionyesha mwendo kwa usafi wa ajabu. Sababu ni kwamba hazikuwa na tabia ya kushikilia. Kila sehemu ya picha iliwaka kwa muda mfupi sana kisha ikafifia, na jicho halikupata nafasi ya kuipaka. Skrini bapa zilipokuja zilituondolea uzito na zikatuletea ukungu.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kulieleza jambo hili kwa watu wa kawaida ni Mark Rejhon wa Canada, mwanzilishi wa tovuti ya Blur Busters. Kanuni anayoifundisha ni fupi: kila milisekunde 1 ambayo picha inaonekana huleta ukungu wa pikseli 1, kwa kitu kinachokwenda kwa kasi ya pikseli 1,000 kwa sekunde. Pikseli, kwa asiyejua, ni kile kijinukta kidogo kabisa kinachounda picha ya skrini.

Tuichukue kasi ya pikseli 960 kwa sekunde, ambayo hutumika sana katika vipimo. Kwa kasi hiyo, kitu kinachukua sekunde 2 kuvuka skrini ya kawaida yenye upana wa pikseli 1,920. Kwenye hezi 60 ukungu wake ni pikseli 16. Kwenye hezi 120 ni pikseli 8. Kwenye hezi 240 ni pikseli 4, na kwenye hezi 480 ni pikseli 2.

Angalia hesabu hiyo vizuri, msomaji, kwa sababu ina pesa zako ndani yake. Kutoka hezi 60 kwenda 120 umeondoa pikseli 8 za ukungu. Kutoka 120 kwenda 240 umeondoa 4. Kutoka 240 kwenda 480 umeondoa 2 tu, na huenda ndiko bei ilikopanda zaidi. Na anayelipa ziada ili atoke hezi 144 aende 165 anapunguza ukungu kutoka pikseli 6.7 hadi 5.8. Hiyo ni chini ya pikseli 1, na wengi hawataiona.

"Milisekunde 1" ya nani?

Hesabu za hapo juu ni za skrini inayobadilika papo hapo, bila kuchelewa. Skrini za LCD, ambazo ndizo nyingi madukani, haziko hivyo. Ndani yake mna fuwele za kimiminika ambazo lazima zijigeuze ili nukta itoke kwenye rangi moja kwenda nyingine, na kujigeuza huko huchukua muda. Muda huo ndio unaodaiwa kuwa milisekunde 1.

Hapa ndipo panapohitaji macho mawili. Kwanza, kwa desturi ya viwandani, muda huo haupimwi tangu mwanzo hadi mwisho. Hupimwa kuanzia nukta inapokuwa imebadilika kwa asilimia 10 hadi inapofika asilimia 90. Kipande cha kuanza na kipande cha kumalizia, ambavyo mara nyingi ndivyo vya polepole, havimo.

Pili, nukta haibadiliki kwa muda uleule kwa rangi zote. Kutoka kijivu fulani kwenda kijivu kingine inaweza kuwa haraka sana, na kutoka nyeusi kwenda kijivu kizito ikawa taratibu. Muuzaji huandika ule muda bora kuliko yote. Ni sawa na mtu kukuambia gari lake linakwenda kilomita 180 kwa saa, bila kutaja kwamba lilikuwa linateremka mlima.

Tatu, kuna milisekunde 1 za aina mbili. Moja ni huo muda wa nukta kubadilika, unaoandikwa GtG. Nyingine huandikwa MPRT, nayo hupima muda ambao picha inaonekana machoni. Milisekunde 1 ya MPRT mara nyingi hupatikana kwa kuwasha mbinu maalumu ya kupepesa taa ya nyuma ya skrini, ambayo tutaieleza, na ambayo wanunuzi wengi hawataitumia hata siku moja. Kwa hiyo ukiona "1 ms" kwenye boksi, jambo la kwanza ni kutafuta herufi zinazofuata.

Jinsi ya kupima nyumbani

Habari njema ni kwamba huhitaji maabara. Rejhon na wenzake wameweka kwenye intaneti kipimo cha bure kinachoitwa TestUFO. Ukikifungua kwa kompyuta, utaona kisahani cha anga kinakatiza skrini, na chini yake kingine kama hicho kikienda kwa fremu nusu, na kingine kwa fremu robo. Kazi yako ni kutazama. Lakini kuna maandalizi, na anayeyaruka atapata majibu ya uongo.

La kwanza ni kuipasha monita joto. Fuwele za LCD huwa nzito zikiwa na baridi, na boksi lililoshushwa kutoka kwenye gari la mizigo mwezi Januari huko Leeds au Hamburg ni la baridi hasa. Liache ndani ya nyumba, kisha iwashe monita na iache iwake kwa nusu saa kabla ya kupima.

La pili ni kuhakikisha kwamba hezi ulizozinunua ndizo zinazofanya kazi. Mara nyingi monita ya hezi 240 ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows huanza na hezi 60, na hubaki hapo hadi mtu aingie kwenye mipangilio ya skrini na kuchagua mwenyewe. Wapo wanaokaa na monita ya gharama kubwa mwaka mzima ikifanya kazi ya ile ya bei ya chini. Angalia pia waya. Monita nyingi hutoa hezi zake zote kupitia tundu la DisplayPort, ilhali tundu la HDMI kwenye monita hiyo hiyo linaishia chini ya hapo. Ukurasa wa TestUFO wenyewe huonyesha hezi zinazotumika, kwa hiyo huna sababu ya kubahatisha.

La tatu, funga programu nyingine zote, weka ukuzaji wa ukurasa kwenye asilimia 100, na kama ni kompyuta ya mapajani, ichomeke kwenye umeme. Kisahani kikiwa kinashtuka-shtuka badala ya kuteleza, tatizo ni kompyuta na si skrini, na kipimo hicho hakihesabiki.

Baada ya hapo kaa umbali wako wa kawaida na ukifuate kisahani cha juu kwa macho. Jiulize maswali matatu. Je, kingo zake ni kali au zimepakwa? Je, nyuma yake kuna kivuli kinachomfuata kama mkia? Je, kuna mstari mweupe au wa rangi ngeni unaong'aa nyuma yake?

Ukungu ulio sawa pande zote mbili za kisahani ni ule wa kushikilia, tuliousema mwanzoni. Huo unatokana na hezi na hauna dawa ila kuongeza hezi au kupepesa taa. Mkia mweusi upande mmoja ni dalili kwamba nukta zimechelewa kubadilika. Na ule mstari unaong'aa ni ugonjwa mwingine kabisa, unaotokana na kulazimisha.

Monita nyingi za gemu zina kitu kwenye menyu yao kinachoitwa ovadraivu, ambacho huzisukuma nukta kwa nguvu ya ziada ya umeme ili zibadilike haraka. Kikiwekwa kwa kiasi, husaidia. Kikiwekwa juu kabisa, nukta hupitiliza rangi iliyotakiwa kisha hurudi nyuma, na hapo ndipo kile kivuli cheupe huonekana. Mara nyingi ile "milisekunde 1" ya kwenye boksi hupatikana katika ngazi hiyo ya juu kabisa, ambayo hakuna mchezaji mwenye akili timamu atakayeivumilia. Jaribu ngazi zote moja baada ya nyingine. Kwa kawaida ya katikati ndiyo bora.

Mwisho, badilisha rangi ya mandhari ya kipimo. Weka nyeusi, weka kijivu, weka nyeupe. Monita inayopendeza kwenye mandhari ya kijivu inaweza kuaibika kwenye nyeusi, na gemu nyingi za kivita huchezwa gizani.

Kupiga picha ya ukungu

Kwa anayetaka ushahidi wa kuonyesha, ipo njia ya kupiga picha ambayo kamera hulifanya jicho lake lisogee kama jicho la binadamu. Badala ya kuisimamisha kamera, unaitelezesha sambamba na skrini kwa kasi ileile ya kisahani. Wataalamu hutumia reli, lakini simu yenye uwezo wa kupangwa kwa mkono, ikitelezeshwa juu ya rundo la vitabu, inatosha kwa mtu mwenye subira.

Muda wa kamera kuwa wazi huwekwa karibu na fremu 4. Kwa hezi 60 ni sehemu 1 ya 15 ya sekunde, kwa hezi 120 ni sehemu 1 ya 30, na kwa hezi 240 ni sehemu 1 ya 60. Katika TestUFO kuna ukurasa maalumu wa kazi hii, wenye alama kama ngazi chini ya kisahani. Ngazi ikitoka imenyooka kwenye picha, ujue kasi ya mkono wako ilikuwa sahihi. Ikitoka imepinda, rudia. Huenda ukarudia mara 20 kabla ya kupata moja.

Njia hii ndiyo inayotumiwa pia na tovuti zinazopima monita kwa kazi, kama RTINGS ya Montreal nchini Canada na TFTCentral ya Uingereza. Wao huongeza kihisi cha mwanga kinachobandikwa kwenye kioo ili kupima kwa milisekunde namna nukta inavyobadilika kwa rangi nyingi tofauti, si moja tu iliyochaguliwa na muuzaji. Ni vizuri kusoma vipimo vyao kabla ya kununua. Lakini tahadhari na video za kulinganisha monita. Video unayoitazama inapita kwenye skrini yako mwenyewe, kwa hiyo ukungu wa skrini yako unachanganyika na ule unaoonyeshwa.

Taa inayopepesa

Tumesema kwamba TV ya chogo ilikuwa safi kwa sababu picha yake iliwaka na kuzimika. Watengenezaji wa leo wameirudisha mbinu hiyo kwa kuifanya taa ya nyuma ya skrini ipepese mara moja kwa kila fremu. NVIDIA huiita ULMB, BenQ huiita DyAc, na wengine wana majina yao. Taa ikiwaka kwa milisekunde 1 tu katika kila fremu, ukungu hushuka hadi karibu pikseli 1 kwa kasi yetu ya kipimo, hata kama monita ni ya hezi 120.

Hata hivyo, hakuna kizuri kisicho na gharama. Taa inayowaka milisekunde 1 kati ya 8.3 iko hewani kwa asilimia 12 tu ya muda, kwa hiyo skrini huwa na giza. Wengine huumwa kichwa, na mwenye historia ya kifafa kinachochochewa na mwanga anapaswa kukaa mbali nayo kabisa. Kwenye monita nyingi haifanyi kazi pamoja na ile teknolojia ya kuzilinganisha hezi za skrini na fremu za kompyuta. Na kama taa inawaka kabla nukta hazijamaliza kubadilika, utaona visahani viwili badala ya kimoja. Itazame sehemu ya juu, ya kati na ya chini ya skrini, kwa sababu kasoro hiyo mara nyingi hujificha kwenye kingo.

Kioo cha aina gani?

Kwa jumla, vioo vya TN vilikuwa vya haraka lakini rangi zake ni hafifu, na sasa vimebaki kwa wachache, hasa wachezaji wa mashindano. Vioo vya IPS vimewafikia kwa kasi na rangi zake ni nzuri. Vioo vya VA vina weusi wa kina, lakini vingi vya bei ya chini huchelewa kutoka kwenye nyeusi, wakati mwingine kwa zaidi ya milisekunde 10. Kwenye hezi 240, ambapo fremu ni milisekunde 4.2, nukta kama hiyo inapitwa na fremu mbili kabla haijafika inakokwenda. Kwa rangi hizo nyeusi, mwenye monita hiyo amelipia fremu ambazo kioo chake hakiwezi kuzionyesha.

OLED haina taa ya nyuma wala fuwele. Kila nukta inajiwakia yenyewe na hubadilika kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde, hivyo ule mkia mweusi karibu hauonekani. Lakini nayo inashikilia picha. OLED ya hezi 60 bado itakupa ukungu wa pikseli 16, kwa sababu jicho halijali kioo kimetengenezwa na nini.

Shirika la VESA, linalosimamia viwango vya skrini, lilianzisha mwezi Agosti 2022 alama inayoitwa ClearMR kwa nia ya kuondoa mkanganyiko huu. Badala ya milisekunde, hutoa tarakimu inayolinganisha nukta safi na nukta zenye ukungu. ClearMR 7000, kwa mfano, ina maana kwamba nukta safi ni kati ya mara 65 na 75 ya zile chafu. Ukiiona alama hiyo kwenye boksi, una sababu ya kuiamini zaidi kuliko "milisekunde 1" isiyo na maelezo. Lakini si monita zote zilizopelekwa kupimwa, na kukosekana kwa alama si lazima kuwe na maana ya ubaya.

Kabla mzigo haujasafiri

Swali la kwanza la kumuuliza kijana wa nyumbani si "unataka hezi ngapi?" Ni "unachezea nini?" PlayStation 4, ambayo bado iko kwenye vibanda vingi vya gemu, haitoi zaidi ya fremu 60 kwa sekunde kwenye skrini. PlayStation 5 na Xbox Series X zinafika 120, na hata hapo si kwa kila gemu. Monita ya hezi 240 iliyochomekwa kwenye mashine inayotoa fremu 60 itaonyesha kila fremu mara nne, na jicho litaona ukungu uleule wa pikseli 16. Kwa kompyuta pia ni hivyo. Kama kadi yake ya picha haiwezi kuzalisha fremu 240, tofauti ya bei ingefaa zaidi kununulia kadi hiyo.

Swali la pili ni la kalenda. Nchini Uingereza, anayenunua kwa mtandao ana haki kisheria ya kubadili mawazo ndani ya siku 14 tangu apokee mzigo. Sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 pia inampa siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro au isiyolingana na maelezo na kurudishiwa fedha zake zote. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina siku 14 kwa manunuzi ya mtandaoni. Marekani hutegemea sana sera ya duka, kwa hiyo soma masharti kabla ya kulipa.

Sasa linganisha siku hizo na safari ya kontena kwenda Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar. Mzigo utakapofunguliwa huko, muda wa kurudisha utakuwa umeshapita zamani. Kijana atagundua mkia mweusi nyuma ya mpira, atampigia anko, na anko hatakuwa na la kufanya. Ndiyo maana mahali pa kupima ni sebuleni kwako, wiki ile ile uliyonunua, boksi na risiti vikiwa bado vipo. Piga picha ya kipimo kwa simu na uitume, ili mwenye mali aione mali yake kabla haijafungwa.

Nusu saa ya kupasha joto, dakika 10 za kutazama kisahani, na dakika 5 za kujaribu ngazi za ovadraivu. Ikifaulu, funga boksi uisafirishe. Isipofaulu, irudishe, na usione haya kwa muuzaji. Kizuri chajiuza, na kama monita ni nzuri kweli, kisahani kitakwambia.